Raifoli ya bolti kwa mfuko mdogo: ipi inamfaa mtu wa visiwani?

Wengi wanaoulizia raifoli ya bolti, yaani bunduki ambayo mpigaji huvuta na kusukuma kifungio chake (bolti) kwa mkono kila baada ya risasi, huku Unguja na Pemba ni watu wenye mashamba Bara, ambako nguruwe mwitu huvamia mahindi na muhogo usiku, au ni watu wanaoomba leseni ya uwindaji na kuvuka bahari kwenda kuwinda pamoja na jamaa zao walioko huko. Fedha waliyonayo hutosha kununua bunduki moja tu, na bunduki hiyo inatakiwa idumu miaka mingi. Kwa hiyo nimezilinganisha hapa Savage Axis na Ruger American, ambazo ndizo za bei ya chini zinazotajwa zaidi, kisha Mossberg Patriot, Howa 1500 na Zastava M70, na nimeiweka Tikka T3x ya Finland kuwa kipimo, kwa sababu ni bunduki ambayo mwenye fedha za kutosha huinunua bila ya kusita.

Kabla ya kuzungumzia bunduki yoyote, ni lazima tuseme wazi kwamba raifoli ya bolti si chombo cha kufyatulia risasi ovyo ndani ya visiwa vyetu. Risasi ya kaliba (kipimo cha risasi) ya .308 hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo unaozidi mita 800 kwa sekunde, na ikielekezwa juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita nne, ilhali upana wa Pemba nzima haufiki kilomita 25 na vijiji vyake vimekaribiana. Katika maeneo ya maweweni ya Unguja kuna hatari nyengine, nayo ni kwamba risasi ikigonga jiwe la matumbawe hubadilisha njia na mpigaji hana tena uwezo wa kujua inakokwenda. Wasasi wetu wanaotumia mbwa na nyavu kuwaondoa nguruwe mashambani wanafanya kazi hiyo kwa usalama zaidi, na tukumbuke pia kuwa paa nunga ni mnyama adimu mno ambaye analindwa na hatakiwi kuguswa. Ulinganisho huu basi ni wa bunduki itakayofanya kazi Bara, kwenye uwanda mpana wenye mlima au kichuguu kikubwa nyuma ya mnyama, hata kama mwenyewe na sanduku lake la kuhifadhia wako Chake Chake au Mwanakwerekwe.

Jambo la pili ni kibali. Silaha na risasi zinasimamiwa na sheria maalumu iliyotungwa mwaka 2015, na uwindaji Bara unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Asiweke mtu amana dukani kabla ya kibali chake kutoka, na asidhani kuwa akishakuwa na leseni anaweza kuingia na bunduki kwenye boti pale Malindi au Mkoani kama anavyoingia na begi la nguo. Aulize polisi mapema utaratibu wa kuisafirisha, na aufuate wote.

Sasa tuje kwenye suala ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kila kitu kwa mtu anayeishi kisiwani, nalo ni chumvi. Ulinganisho mwingi wa bunduki huandikwa na watu wanaoishi katika nchi kavu na baridi, ambako chuma cha kawaida kilichotiwa rangi ya buluu nyeusi hudumu miaka kikipakwa mafuta mara chache tu. Rangi ile si rangi ya kupakwa. Ni utando mwembamba sana wa chuma chenyewe kilichobadilishwa kwa kemikali, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Mafuta yakikauka, upepo wa bahari unafika kwenye chuma. Wakati wa masika, nguo zinapokaa siku mbili bila ya kukauka, mtutu wa namna hiyo ulioguswa kwa mkono wenye jasho na kuachwa bila ya kufutwa huonesha alama za vidole kwa rangi ya kahawia baada ya muda mfupi. Kutu hiyo ya juu inafutika. Isiyofutika ni ile inayojificha pale mtutu unapolala juu ya kitako, yaani kile kipande cha mti au plastiki kinachoibeba bunduki, kwa upande wa chini, ambako unyevu huingia na hautoki. Ukifungua zile skurubu mbili za chini na kuutoa mtutu kwenye kitako, utakuta chuma cha juu kinang'aa na cha chini kimechimbika vishimo vidogo kama vya chachu.

Kwa sababu hiyo, mtu wa visiwani akipewa uchaguzi kati ya bunduki ya jina kubwa yenye chuma cha kawaida na bunduki ya jina dogo yenye chuma kisichoshika kutu, achukue ya pili. Chuma hicho nacho si cha miujiza, kwani chumvi ikiachwa juu yake kwa muda mrefu hushika madoa, lakini kinampa mwenyewe nafasi ya kuchelewa kidogo bila ya kulipia gharama kubwa. Vivyo hivyo kwa kitako. Mti mzuri unapendeza machoni na mkononi, na hakuna anayebisha, lakini mti hunywa unyevu na kuvimba, na ukivimba hugusa mtutu, na mtutu ukiguswa risasi huhama kutoka pale ulipoisawazisha. Bunduki iliyosawazishwa wakati wa kiangazi huweza kukupotezea mnyama wakati wa vuli kwa sababu hiyo tu. Kitako cha plastiki ngumu hakipendezi na mara nyengine hutoa sauti ya utupu ukikigonga, lakini hakivimbi.

Tukiingia kwenye bunduki zenyewe, Savage Axis ndiyo ya bei ya chini kuliko zote zilizotajwa hapa. Ilitoka mwaka 2010 kwa jina la Edge na mwaka uliofuata ikapewa jina la Axis, na katika soko la Marekani toleo lake la kawaida limekuwa likiuzwa kwa chini ya dola 500. Kinachoshangaza ni shabaha yake. Savage huunga mtutu kwa nati maalumu inayowezesha fundi kupanga chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kwa usahihi mkubwa bila ya kazi ndefu, na kichwa cha bolti kina nafasi ndogo ya kucheza ili kikae sawasawa nyuma ya risasi. Matokeo yake ni kwamba Axis ya kawaida, ikipewa risasi inayoipenda, hupanga matundu matatu ndani ya sentimita tatu au nne kwa umbali wa mita 100, na kwa swala ambaye sehemu ya moyo na mapafu yake ni pana kuliko kiganja cha mkono, hiyo inatosha na kubaki. Udhaifu wake uko kwenye kifyatulio, yaani kile kinachovutwa kwa kidole, cha toleo la mwanzo, ambacho ni kizito na hakirekebishiki, na kwenye kitako chake ambacho sehemu ya mbele hupinda ukiibana kwa nguvu. Anayeichagua atafute Axis II, yenye kifyatulio kinachorekebishwa, na kama mfuko unaruhusu aitafute ile ya chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei kati ya matoleo hayo ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya matumizi.

Ruger American ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2011, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji wengine kuacha kudhani kwamba bunduki ya bei nafuu lazima iwe na kifyatulio kibaya. Uzito wa kukivuta kifyatulio chake hurekebishwa na mwenyewe kati ya takribani kilo 1.4 na kilo 2.3. Bolti yake ina meno matatu ya kufungia badala ya mawili, kwa hiyo kishikio hunyanyuliwa kwa nyuzi 70 tu badala ya 90, na mkono unabaki mbali na darubini unapokoki kwa haraka. Ndani ya kitako kuna vitalu viwili vya chuma vinavyoushika mwili wa bunduki ili usitikisike, na mtutu unakaa huru bila ya kugusa plastiki. Uzito wake ni karibu kilo 2.8, ambao ni raha kwa mtu anayetembea toka alfajiri mpaka adhuhuri, ingawa wepesi huo huo ndio unaoifanya ipige teke zaidi begani. Tatizo lake ni magazini, yaani kisanduku cha risasi, ya plastiki ya toleo la mwanzo. Anayenunua bunduki hii anunue na magazini ya akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu raifoli isiyo na magazini hubaki kuwa bunduki ya risasi moja moja, na kipande hicho hakipatikani Darajani.

Nikiwekewa Axis II na Ruger American mezani, zote mbili za chuma kisichoshika kutu na zote za kaliba moja, nitaichukua Ruger. Sababu si shabaha, kwani hapo hazipishani kwa kiasi ambacho mwindaji atakiona. Sababu ni kitako kilicho kigumu zaidi na bolti inayokwenda vizuri zaidi, mambo ambayo hayaonekani kwenye karatasi ya matangazo lakini yanaonekana pale risasi ya pili inapohitajika upesi. Kama tofauti ya bei kati yao, kwa muuzaji uliye naye, inafikia bei ya darubini nzuri, basi uamuzi unageuka na Axis II inakuwa ndiyo ya kuchukua.

Mossberg Patriot, ya mwaka 2015, inavutia sana machoni. Ina matoleo yenye kitako cha mti, mtutu wenye mifereji kwa nje, na bolti iliyochongwa kwa mzunguko, yote kwa bei inayokaribiana na hizo mbili. Kifyatulio chake kinarekebishika na mara nyingi huuzwa pamoja na darubini. Mtu wa Iringa au Arusha anaweza kuichukua na akafurahi. Kwa mtu wa Makunduchi sioni sababu ya kuichagua ya mti, kwa sababu uzuri wake wote umekaa kwenye vitu viwili ambavyo hewa yetu inavila, yaani mti na chuma cha kawaida. Faida yake ya pekee ni kwamba imewahi kutengenezwa hata kwa kaliba ya .375 Ruger, jambo la nadra kwa bunduki ya bei hiyo.

Howa 1500 inatoka Japani, na muundo wake unajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ukiwemo ule uliouzwa kwa jina la Weatherby Vanguard. Hii ni bunduki nzito kidogo kuliko za Kimarekani tulizozitaja, na uzito wake unatokana na chuma cha kweli: mwili wake ni wa kufuliwa, bolti ni nene, na kifungo chake cha usalama kina hatua tatu, ambapo hatua ya kati inakuruhusu kufungua bolti na kutoa risasi huku kifyatulio kikiwa kimefungwa. Kwa mtu ambaye nyumbani ana watoto, au ambaye hupanda na kushuka garini mara nyingi akiwa porini, hatua hiyo ya kati ina thamani kubwa, na ningependa kila bunduki ya bei nafuu iwe nayo. Matoleo mengi yana magazini ya ndani yenye kifuniko cha chini, kwa hiyo hakuna kipande cha kupotea. Howa ya chuma kisichoshika kutu yenye kitako cha plastiki, ikipatikana kwa bei inayozidi ya Ruger kwa kiasi kidogo, inastahili nyongeza hiyo.

Zastava M70 ya Kragujevac, Serbia, ni jambo jengine kabisa. Imejengwa juu ya muundo wa Mauser wa mwaka 1898, ambao una ndoana ndefu inayoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini mpaka ganda linaporushwa nje, kwa hiyo hata ukikoki ukiwa umelala ubavu au umeshikwa na khofu risasi haianguki wala haisongamani. Bunduki nyengine zote nilizozitaja huisukuma risasi mbele bila ya kuishika mpaka mwisho, na kwa swala au nguruwe hilo halina madhara yoyote. Kwa nyati lina madhara. Mwenye bajeti ndogo ambaye ana nia ya kweli ya kuwinda nyati, na ambaye anahitaji .375 H&H Magnum, kaliba ya mwaka 1912 ambayo katika uwindaji wa Tanzania huhesabika kuwa ya chini kabisa kwa wanyama wa hatari, hana bunduki mpya ya bei nafuu inayomfaa kuliko hii. Chuma chake ni kizuri lakini umaliziaji wake una mikwaruzo, bolti huwa nzito mpaka izoeleke, na mara nyingi huja na kitako cha mti na chuma cheusi, kwa hiyo anayeishi Unguja anaichukua akijua kwamba ameongeza kazi ya kila wiki.

Kuhusu kaliba, sitakaa sana. Kwa mtu mwenye bunduki moja, uchaguzi wa busara ni .308 Winchester ya mwaka 1952 au .30-06 ya mwaka 1906, kwa sababu zote hutosha kwa swala, ngiri, nguruwe, kongoni na nyumbu, na pofu pia akipigwa kwa risasi nzito mahali panapostahiki. Ganda la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 lina 63, kwa hiyo ya pili hubeba baruti zaidi na huenda vizuri na risasi nzito, ila hupiga teke zaidi. Ile .243 ya mwaka 1955 haina teke na inafaa kwa swala, lakini kwa nguruwe dume au nyumbu inakuwa kama unamwomba mnyama asimame mahali fulani. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, ni kaliba nzuri sana kwa shabaha ya mbali, lakini kaliba nzuri isiyo na risasi dukani haimsaidii mtu. Uliza kwanza muuzaji wa risasi anaweka nini mwaka mzima, kisha ndipo uandike kaliba kwenye maombi yako, kwani ikishaandikwa kuibadilisha ni safari nyengine ya ofisi.

Msisitizo juu ya kifyatulio na shabaha una sababu nyengine kwetu Waislamu. Mwindaji hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama bado ana uhai humchinja; hukumu zake za ndani wanazijua mashekhe. Mnyama aliyepigwa vibaya tumboni hukimbia masafa marefu, hufia kichakani na hukutwa akiwa amekwishaharibika, ukaondoka uhai na ikaondoka nyama. Kifyatulio kizito humfanya mpigaji aivute bunduki upande bila ya kujijua, na hapo ndipo mapafu yanapokoswa na tumbo likapigwa. Ndiyo maana ninamshauri mtu aache mtutu wenye mapambo akanunue kifyatulio kizuri.

Tikka T3x, iliyopokea nafasi ya T3 mwaka 2016 na kutengenezwa Riihimäki katika kiwanda cha Sako, inazipita zote kwa ulaini wa bolti. Toleo lake jepesi la chuma kisichoshika kutu lina takribani kilo tatu, na kwa hewa ya hapa sijui bunduki ya kiwandani inayofaa zaidi. Lakini bei yake ni karibu mara mbili ya Axis, na fedha hiyo ya ziada ndiyo inayotakiwa kununua vitu vyengine. Kwa hesabu yangu, mwenye fedha ndogo asitumie zaidi ya nusu ya fedha yake kwenye bunduki. Robo iende kwenye darubini yenye nguvu ya mara 3 hadi 9 na kioo cha mbele cha milimita 40, iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa ili isipate ukungu ndani, pamoja na vishikio vya chuma vilivyo imara. Robo iliyobaki ni ya sanduku la chuma la kufungiwa ukutani, mafuta ya bunduki, na risasi za mazoezi. Anayenunua Tikka kisha akafunga juu yake darubini ya bei rahisi kabisa na kubakiwa na risasi kumi atashindwa na mwenye Axis aliyepiga risasi hamsini za mazoezi.

Mafuta ya nazi, ambayo wengine huyatumia kwa sababu yapo jikoni, yasitumike. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo la kawaida alfajiri ukiwa Bara, na yakikaa hunata na kukusanya vumbi ndani ya bolti mpaka pini ya kufyatulia inapungua nguvu. Wala bunduki isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji, kwa sababu vyote viwili hufyonza unyevu na kuukalisha juu ya chuma. Mfuko ni wa safari, na baada ya kushuka botini bunduki itolewe, ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta na iachwe ipumue ndani ya sanduku lake.

Ipo njia ya mwisho, ambayo ni kununua bunduki iliyotumika, na hapa BRNO za Kicheki ndizo za kutafutwa kwanza. ZKK 602 ya .375 imetumika mno katika uwindaji wa Afrika, na iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko bunduki mpya nyingi za bei ileile. Asikubali mtu kununua kabla ya kufanya mambo matatu mbele ya muuzaji mwenye leseni. Ahakikishe bunduki haina risasi, atoe bolti, na aangalie ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga: mifereji iwe na kingo kali na chuma king'ae mpaka karibu na chemba, ambako uchakavu huanzia. Aangalie mdomo wa mtutu kwa ukucha, kwani mkwaruzo mdogo pale huharibu shabaha kuliko mkwaruzo mkubwa kwengine kokote. Kisha aombe kitako kifunguliwe ili aone chuma cha chini. Muuzaji akikataa kuzifungua zile skurubu mbili, arudishe bunduki mezani na aondoke.